Kijitabu cha Pili

Matokeo yalitoka usiku. Nilipofungua mfumo wa chuo, jicho lilikimbilia Historia ya Elimu, kozi niliyokuwa na uhakika nayo kuliko zote muhula ule. Nilikuta 38, na pembeni yake neno moja: marudio. Kwa lugha ya wanafunzi, nimepewa sapu.

Alama za darasani nilizijua, 21 kati ya 40. Basi kwenye mtihani wa mwisho, uliobeba 60, nilikuwa nimeambulia 17. Maswali manne, kila moja alama 15, na mimi yote manne niliyajibu mpaka kengele. Nilipiga hesabu ile kwa kalamu, kisha kwa simu, kama vile simu ingenionea huruma.

Wenzangu walinishauri kwa nia njema: fanya sapu, yaishe. Lakini sapu haiishi hivyo. Kwa kanuni zetu, mtu akifaulu mtihani wa marudio, hata ajibu vizuri namna gani, anaandikiwa C tu, na C hiyo inaingia kwenye wastani wake hadi siku ya kuhitimu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu. Nikakaa kuandika rufaa.

Barua ya kwanza ilikuwa ya hasira. Niliandika kwamba nimeonewa, nastahili zaidi. Bahati nzuri, kabla ya kuipeleka nilisoma kanuni za mitihani, zile ambazo wote tulitia saini kwamba tumezisoma wiki ya kwanza ya masomo, na karibu wote tulikuwa hatujazisoma. Kifungu cha rufaa kilisema wazi kwamba mwanafunzi hawezi kupinga uamuzi wa kitaaluma wa msahihishaji. Anachoweza kupinga ni utaratibu: alama zilizojumlishwa vibaya, ukurasa ulioachwa bila kusahihishwa, kanuni iliyokiukwa. Siku ya mwisho ya kuwasilisha rufaa ilikuwa ya 14 tangu matokeo kutoka.

Kile kifungu kiliniuma. Katika kozi hiyohiyo tulikuwa tumefundishwa habari za Starch na Elliott, watafiti wa Marekani ambao mwaka 1912 walituma nakala za majibu yaleyale ya somo la Kiingereza kwa walimu wengi wa sekondari wayasahihishe. Alama zilirudi zikiwa zimepishana vibaya sana. Kazi moja, huku imefaulu sana, kule imefeli. Halafu nikaambiwa uamuzi wa msahihishaji haupingwi! Mpaka leo naamini kifungu kile ni cha haki pale tu ambapo karatasi imepitiwa na msahihishaji wa pili, na mtahini wa nje ameangalia sampuli. Pasipo hayo, kinamlinda mwalimu peke yake.

Lakini kilinilazimisha kuacha kulia na kuanza kukumbuka. Nilifumba macho nikairudisha siku ile ya mtihani, dakika kwa dakika. Swali la kwanza na la pili niliyajibu kwenye kijitabu cha kwanza, kikajaa. Nikanyoosha mkono. Msimamizi akaniletea kingine. Humo nilijibu la tatu, na la nne lililohusu mitihani ya dola ya China, ile ya kuchagua maofisa wa serikali, iliyokuja kufutwa mwaka 1905. Nililipenda swali lile. Niliandika jinsi enzi ya watawala wa ukoo wa Song walivyofunika majina ya watahiniwa, na kuwaajiri makarani wanakili kila karatasi upya ili msahihishaji asiutambue hata mwandiko. Nakumbuka nilikuwa kwenye sentensi hiyohiyo tulipotangaziwa kwamba zimebaki dakika tano.

Na nakumbuka nyuzi ziliisha. Vijitabu viwili hufungwa pamoja kwa uzi kwenye tundu la pembeni. Msimamizi alipofika kwangu hakuwa na uzi, akaniambia nipachike kimoja ndani ya kingine. Kisha nikasaini fomu ya mahudhurio. Kwenye safu ya mwisho, panapoandikwa idadi ya vijitabu, yeye mwenyewe aliandika 2.

Nikaichana barua ya kwanza. Ya pili ilikuwa fupi: naomba fomu ya mahudhurio ya mtihani huu ilinganishwe na idadi ya vijitabu vyangu vilivyosahihishwa. Sikuomba alama hata moja.

Ofisi ya mitihani ilikuwa chini ya mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni kulalamikia alama, rudi nayo."

"Silalamikii alama, mama. Naulizia kijitabu."

Hapo akanitazama. Akaisoma barua mara mbili, akaniambia nisubiri nje. Nilikaa kwenye benchi la korido kwa muda wa karibu saa mbili. Mwanafunzi haruhusiwi kuwepo karatasi zinapokaguliwa, na sikulaumu hilo, ila kila kabati lilipofunguliwa ndani, moyo ulinidunda.

Aliponiita, mezani palikuwa na fomu, kijitabu changu cha kwanza, na bahasha kubwa ya kaki. Hakunionyesha kitu. Alinisogezea karatasi tupu.

"Andika saba."

Nikaandika.

"Tena. Haraka, kama uko kwenye mtihani."

Nikaandika saba mara sita mfululizo. Saba zangu hazina mkia wala mstari katikati. Nikiwa na haraka ule mkono wa juu unakuwa mfupi mno. Mama alichomoa kijitabu kwenye bahasha, akaweka karatasi yangu pembeni yake, akavua miwani, akaivaa tena. Karatasi zetu hazikuwa na majina, namba tu, kusudi msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Namba yangu iliishia na 7. Aliyepokea kijitabu kile alisoma 1, na namba hiyo haikuwa ya mtu yeyote kwenye kozi. Kikawekwa kando.

"Swali la nne uliandika nini?" akaniuliza.

Nikamwambia: makarani wa Song, waliokuwa wakinakili.

Akafunua kurasa kadhaa, akasoma, akatikisa kichwa polepole. "Pole sana, mwanangu."

Kijitabu kilisahihishwa na mwalimu mwingine kwa mwongozo uleule, bodi ya mitihani ikapitisha, baadaye seneti. Swali la tatu 12, la nne 11. Jumla 61.

Lakini siku ile pale ofisini, kabla sijaondoka, niliona bahasha ya kaki haijalala. Bado ilikuwa na kitu ndani.

"Viko vingine, mama?"

"Viwili. Kimoja hakina namba kabisa. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Zilikuwa zimebaki siku mbili za rufaa. Nilimuuliza kwa nini ofisi isichukue fomu za mahudhurio izipitie zote, itafute wenye 2 waliosahihishiwa kimoja. Akasema utaratibu unaanza na mwanafunzi kuwasilisha ombi. Yeye hawezi kuuanzisha. Alilisema kwa huzuni, na niliamini huzuni yake, lakini lile jibu sikulikubali wakati ule na silikubali sasa. Fomu zilikuwa mezani kwake.

Jioni ile nilibandika tangazo kwenye mbao zote za kitivo, na nikapita bweni kwa bweni nikigonga milango: kama ulitumia vijitabu viwili Historia ya Elimu, na umepata sapu, nenda ofisi ya mitihani kesho asubuhi, uliza fomu ya mahudhurio.

Kesho yake nilikwenda kukaa kwenye lile benchi. Saa nne akaja kijana mmoja wa mwaka wangu, tangazo limekunjwa mkononi. Aliingia, akakaa sana, akatoka analia na kucheka.

Wa pili nilimsubiri hadi ofisi ilipofungwa. Siku iliyofuata pia nilimsubiri.