Siku moja nyuma ya dirisha la mapokezi

Saa 12:30 asubuhi. Niko kwenye daladala, begi mapajani: mkasi, kalamu za rangi na vipande vya boksi. Kompyuta nimeiacha nyumbani makusudi. Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta, na wiki hii nashinda mapokezi ya hospitali moja, nyuma ya dada anayeandikisha wagonjwa.

Saa 1:20. Foleni imeshafika nje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Umezaliwa lini?"

"Mwaka siujui. Uhuru ulipokuja nilikuwa nimeshavunja ungo."

Dada anapiga hesabu kurudi nyuma kutoka 1961, anaandika 01/01/1947. Nachungulia skrini: kati ya wagonjwa kumi wa mwisho, wanne wamezaliwa tarehe mosi Januari. Mfumo haukubali kuendelea bila tarehe kamili. Sharti hilo niliweka mimi, na hakuna mtu wa mapokezi niliyemuuliza.

Ndipo naliona daftari chini ya kibodi. Kila jina lenye tarehe ya kukisia lina herufi K pembeni, kwa penseli.

"Hii K, dada?"

"Kadirio. Mtoto akiletwa na jirani, umri tunakisia tu, lakini daktari akiona tarehe kamili anaiamini, kaka. Akiwa na wasiwasi hunipigia simu, nami naangalia daftari."

Miezi minane mfumo wangu umebebwa na penseli hiyo.

Saa 4. Chai na chapati. Mganga mfawidhi amekubali dada, muuguzi na mfamasia watoke saa nzima, wenzao wawashikie. Hili nalipigania kila ninakoenda, maana ukimuuliza mtu mwenye foleni mbele yake atakujibu "mfumo mzuri tu" ili uondoke.

Namwaga maboksi mezani, tuunde kwa mikono skrini ya mfano kabla sijagusa kompyuta. Njia hii niliikuta. Kati ya 1981 na 1985, kwenye mradi wa UTOPIA huko Skandinavia, wafanyakazi wa uchapaji walikaa na watafiti kubuni vifaa vyao wenyewe. Mashine ya kuchapa ya leza ilikuwa bado adimu, basi boksi tupu likaandikwa jina lake na kazi ikaendelea. Nimeona kwa macho yangu: anayeogopa kuharibu kompyuta haogopi kukata boksi.

Muuguzi anataka K ionekane kwenye skrini ya daktari pia. Mfamasia anataka uzito ukae karibu na umri. Dada anang'oa kitufe nilichokichora na kukishusha chini, mkono wake unapofikia bila kuacha kumtazama mgonjwa.

Mchana ni kikao cha ripoti za mwezi. Kinapita.

Saa 9:30. Foleni imekwisha. Tunajaribu boksi dirishani, mimi ndiye mgonjwa.

"Umri?"

"Kama thelathini hivi."

Anagusa neno "Kadirio", anaandika 30, kisha anasita.

"Na akirudi na cheti cha kuzaliwa?"

Hilo hatukuliwaza. Ananyoosha mkono, anachukua mkasi.