Nilivyolisha watu wanne kwa mia mbili kwa siku hapa Kisumu

Ilikuwa Septemba 2022, uchaguzi umeisha mwezi uliopita, na ile hoteli ndogo nilikuwa napika chapati ikapunguza watu na mimi nikawa mmoja wao. Mzee wangu ni fundi wa mjengo na kama unaijua mjengo unajua kuna wiki ya kazi halafu wiki mbili za kukaa. Usiku huo watoto wakiwa wamelala tukakaa hapo kwa nyumba yetu Nyalenda tukatoa kodi, tukatoa maji na tokeni ya stima, tukatoa pesa za shule za huyu mkubwa, kilichobaki cha chakula kikawa shilingi 1400 kwa wiki. Yaani mia mbili kwa siku, watu wanne, na makaa yako ndani ya hiyo hiyo mia mbili.

Na mnakumbuka unga ilikuwa aje huo mwaka. Julai serikali ilishusha paketi ya kilo mbili hadi mia, ikakaa wiki chache tu za kabla ya uchaguzi, halafu ikarudi juu ya mia mbili. Sasa mtu wa mia mbili kwa siku ananunua paketi moja na pesa ya siku imeisha hapo kwa mlango wa duka.

Nilianza vibaya na nataka niseme ukweli kwa sababu najua kuna mama mahali anafanya hivyo saa hii. Nilikata mboga nikabakisha unga na chai. Asubuhi chai ya rangi na sukari mingi ndio watoto washibe, mchana chai iliyobaki na kipande ya mandazi, jioni ugali kubwa na sukuma ya kumi. Tumbo lilikuwa linajaa, hakuna mtu alilala njaa, kwa hivyo nikajiambia tunasukuma. Lakini huyu mdogo wangu alikuwa na miaka minne, akaanza kuchoka ovyo, akakaa tu kwa ngazi wenzake wakicheza, halafu siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba anakula udongo. Nikamchapa, na hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu kumbe ni mwili ulikuwa unaitisha kitu.

Nilimpeleka kliniki wakapima kiwango cha damu, ile hemoglobini, ikatoka 9.1. Nesi akaniambia hiyo iko chini, kwa mtoto wa umri huo wanataka angalau 11. Akatupea dawa ya minyoo na sirapu ya kuongeza damu, halafu akaweka kalamu chini akaniuliza, mama, huyu mtoto anakula nini, niambie tangu asubuhi. Nikamwambia. Akauliza chai anakunywa saa ngapi, nikasema pamoja na chakula, yeye huteremsha ugali na chai. Akaniambia hiyo chai inazuia mwili usichukue madini ya chuma kwa chakula, mpe maji, na kwa mboga kamulia ndimu kwa sababu vitamini C inasaidia hayo madini yaingie. Halafu akauliza, omena, hizi dagaa za ziwa, mnakula? Nikasema hapana. Mimi ni mtu wa Vihiga, kwetu omena ilikuwa inapikwa ikiwa na mchanga mpaka meno yanalia, nikakua nikiichukia, na hapa nimeishi na ziwa kando yangu miaka saba bila kuinunua hata mara moja.

Kitu cha kwanza nilifanya nikirudi ilikuwa kuchukua daftari kuukuu ya mtoto na kuandika kila shilingi wiki mzima. Nilishtuka. Niliona hata chakula hakikuwa kinakula pesa vile nilidhani. Makaa ndio yalikuwa yanatumaliza. Nilikuwa nanunua mkebe wa hamsini kila jioni, hiyo ni 350 kwa wiki, robo ya pesa yote inaenda moshi. Halafu sukari ya kupima, mafuta ya kupima, majani ya tano tano, vitu vya kadogo kila siku kwa duka ya kona. Ukiuziwa kidogo kidogo unaona ni rahisi kwa sababu ni kumi tu, ni ishirini tu, lakini maskini ndiye ananunua sukari bei ghali kuliko tajiri mwenye kubeba kilo mbili, na hiyo ndiyo kitu ilinikasirisha kuliko zote.

Kwa hivyo nikaamua pesa ya wiki itatoka mara moja, Jumapili, na itatokea soko la Kibuye. Kama hujui Kibuye, iko wazi siku zote lakini Jumapili ndio yenyewe, watu wanatoka kila upande na mizigo. Nilikuwa naenda kwa miguu na gunia. Mahindi nanunua asubuhi, lakini mboga nangoja mpaka kama saa kumi na moja jioni, wakati mama hataki kurudi nyumbani na saga imenyauka, fungu la ishirini linakuwa kumi na bado unaongezewa. Mahindi gorogoro, ule mkebe wa kupimia wa karibu kilo mbili, ilikuwa 140. Nilichukua gorogoro tatu, poshomili kumi kumi, jumla 450 na nina karibu kilo sita za unga ya wiki, unga ya kusaga nzima, haijatolewa ganda wala kile kiini, na inashibisha kuliko ile nyeupe ya paketi, mtoto hakwambii anataka tena baada ya saa moja. Ila angalia mahindi yako vizuri kabla ya kulipa, mwaga kwa kiganja, yaliyo na weusi ama ukungu ama harufu ya unyevu usibebe hata ukiuziwa nusu bei, hiyo sumu yake haiishi kwa kupika.

Sasa omena. Nilikuwa nasimama kwa hizo meza kama mtu amepotea, kuna dani mmoja mzee (dani ni nyanya kwa Kijaluo) akaniona, akaniita, nyara, yaani binti yangu, kuja, wewe hujui kununua. Akachukua omena akaweka kwa mkono wangu, akaniambia finya halafu ufungue. Kwa kiganja kikabaki mchanga. Akachukua ya gunia lingine, nikafinya, kiganja kikabaki safi, magamba kidogo tu yanang'aa. Ile ya kwanza ilianikwa chini kwa mchanga, hii ilianikwa juu ya nyavu. Akaniambia angalia rangi pia, nzuri inang'aa kama fedha, ikiwa imegeuka manjano ama kahawia hayo mafuta yake yameharibika na itakuwa chungu, tena ivunje moja, ikivunjika kwa sauti imekauka, ikipinda iache. Nilinunua ya 140 na huyo dani akaweka nyongeza ya mkono mzima, na tangu siku hiyo sijawahi kununua kwa mwingine.

Kuosha nako kuna njia. Mimi nilikuwa nadhani unaweka maji unamwaga. Hapana, ukimwaga mchanga unarudi juu ya omena. Weka maji moto kwa karai, tia omena, koroga na mkono, iache dakika mbili mchanga ushuke, halafu itoe omena na mikono kutoka juu uweke kwa karai ingine, yale maji uyamwage na mchanga wake. Fanya hivyo mara tatu mpaka upitishe kidole chini ya karai usisikie kitu. Baada ya hapo ikaange kavu kwa sufuria bila mafuta kwanza mpaka ile harufu kali itoke na ianze kulia tsa tsa, ndio sasa uweke mafuta vijiko viwili, kitunguu, nyanya, chumvi. Maji usiweke mingi, ikikuwa supu watoto wanakataa. Ikitoka motoni kamulia ndimu. Mzee wangu ni mtu wa ziwa, alikula hiyo siku akanyamaza, halafu akauliza nani amenifunza.

Kwa mdogo nilikuwa nachukua ile imekaangwa kavu naitwanga iwe unga, naweka kwa mkebe, kijiko kimoja kwa mboga yake kila siku. Hata haoni. Na kwa vile unaikula nzima na mifupa yake anapata pia ile kalisiamu ya mifupa, sisi hatukuwa na uwezo wa maziwa kila siku na mpaka leo hapo bado hatujafika.

Mboga nayo nilirudi kwa zile za nyumbani, saga, managu, mrenda, kunde, terere. Sukuma haina makosa lakini hizi zina nguvu zaidi na kwa msimu wa mvua ni bei rahisi kuliko sukuma. Saga ni chungu, ichemshe na kunde ama terere pamoja, maziwa ukipata hata ya kumi tia ilale usiku mmoja, kesho yake ni mboga ingine kabisa. Mrenda napika na kunde, nikipata ule munyu musherekha wa kwetu, chumvi ya majivu, naweka, nikikosa magadi kidogo sana. Baadaye landlord alikubali niweke magunia mawili ya udongo hapo nyuma, nikapanda kunde na terere, unachuma majani unaacha shina, na wiki zingine sikununua mboga ila mara mbili.

Maharagwe ndio yaliniletea shida ya makaa, kwa sababu kilo moja kwa wiki ni 140 tu lakini moto wake ni masaa matatu. Hapo nilikumbuka kikapu cha nyanya yangu. Nilichukua kikapu kikubwa, nikaweka blanketi kuukuu na vipande vya sponji ya godoro chini na pande zote, nikashona mto wa matambara wa kufunika juu. Maharagwe yanalowekwa tangu jioni, asubuhi namwaga hayo maji naweka mapya, nachemsha kwa moto mkali nusu saa kamili (usipunguze, maharagwe mabichi yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo), halafu sufuria na kifuniko chake moja kwa moja ndani ya kikapu na mto juu. Naenda kazi zangu za kufua nguo za watu, nikirudi saa nane yameiva na bado yanachoma mkono. Mara ya kwanza yalikataa, yakabaki magumu katikati, nikajua ni kwa sababu sufuria ilikuwa nusu. Kitu kidogo hakishiki joto. Sasa najaza, napika na mahindi iwe nyoyo ya siku mbili, nayachemsha tena jioni kabla ya kula. Mkebe wa makaa ukatoka saba kwa wiki ukawa mitatu. Hiyo 200 iliyobaki ndiyo ikanunua omena na ndimu, na ikabaki kidogo ya ndizi ama papai la hamsini.

Sukari ndio ilikuwa vita nyumbani. Mzee alisema mtu wa mjengo hawezi kutoka bila chai, na namuelewa, lakini nikamwekea uji wa mahindi na wimbi mzito asubuhi na kiazi kitamu kando, na chai ikawa ya saa kumi, mbali na chakula. Wiki ya kwanza alinuna. Wiki ya tatu akaniambia sasa anafika saa saba kabla asikie njaa, kwanza wenzake wananunua mandazi na yeye hanunui. Chumvi, majani na sukari zote zikatoshea kwa mia moja.

Desemba tukarudi kliniki. Damu ya mdogo ilikuwa 11.2. Sitasema ni omena peke yake, sirapu alikunywa yote na minyoo ilitoka, lakini nesi mwenyewe aliandika kwa kitabu chake endelea na chakula hiki, na udongo aliacha kabisa, sikumwambia, aliacha tu.

Pahali nilianguka tena ni Aprili 2023. Omena hufungwa kuvuliwa kila mwaka kutoka Aprili mpaka mwisho wa Julai ili izaane, na hapo katikati bei inapanda vibaya. Mimi nikajiona mjanja, Machi nikakopa kwa chama nikanunua gorogoro tano, nikafunga kwa mfuko wa plastiki nikaweka chini ya kitanda. Mvua ya Aprili ikaja, nyumba yetu ya mabati inatoa jasho, nikifungua nakuta ukungu. Gorogoro mbili nikatupa na nililia, hiyo ilikuwa pesa ya kukopa. Zilizobaki niliweka kwa gunia la katani, nikaning'iniza juu karibu na paa mbali na ukuta, na kila siku jua likiwaka naianika kwa chandarua kuukuu. Hizo tatu zilitupeleka mpaka katikati ya Juni, nikijazia na ndengu, na mara moja moja mgongo wazi kutoka Obunga, ile mifupa ya mbuta (sangara) inabaki kiwandani minofu ikitolewa. Nilikuwa naichemsha supu na nyanya nyingi badala ya kukula ile imekaangwa.

Jumapili ya kwanza ya Agosti nilienda Kibuye mapema na mdogo mgongoni, ingawa amekuwa mkubwa wa kubebwa. Dani alikuwa amekaa pale pale, gunia jipya limefunguliwa, omena inang'aa hadi unafunga macho. Alimwangalia mtoto, akamshika shavu, akamvuta ngozi ya chini ya jicho kama daktari akaangalia rangi. Akasema ber, yaani vizuri. Halafu akajaza gorogoro mpaka ikafanya mlima, ikimwagika pande zote, akamwaga kwa gunia langu, akachota tena na mikono miwili ya nyongeza.