Jamu ya nanasi haigandi? Ikopeshe mapera

Msimu ukikolea, mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, yanapangwa barabarani na bei inaanguka, ndipo wengi hupata hamu ya kupika jamu kwa mara ya kwanza. Kinachotoka mara nyingi ni sharubati nzito yenye vipande. Mpishi anaongeza sukari, haishiki. Anaongeza konfulawa, inakuwa nzito kama uji, rangi inafifia, na baada ya siku kadhaa inaanza kutoa maji. Konfulawa iache kabisa, jamu haihitaji wanga. Kosa si la sukari wala la jiko. Nanasi lina pektini kidogo, basi.

Pektini ni ile gundi ya asili iliyo kwenye nyama na maganda ya tunda. Ikikutana na uchachu na sukari ya kutosha, inajenga wavu unaoshika maji, na hapo ndipo jamu inaganda. Uchachu unaotakiwa ni pH ya 3.0 hadi 3.3 hivi, na sukari yote, ya tunda na ya kuongeza, ifike karibu asilimia 65 ya uzito wa jamu iliyokwisha kuiva. Kimoja kikipungua, viwili vilivyobaki havisaidii. Sukari tunanunua, uchachu unatoka kwenye limau. Pektini tutaikopa kwa mapera, ambayo yamejaa tele. Chagua yaliyokomaa ila bado magumu, ganda likianza tu kugeuka njano. Pera lililolainika limeshapoteza sehemu kubwa. Embe bivu, papai na stroberi nazo zina upungufu huohuo wa nanasi, kwa hiyo mbinu ni ileile.

Kwa chungu cha kwanza andaa kilo 1 ya nyama ya nanasi (pima baada ya kumenya, kutoa vijicho na kutoa moyo mgumu wa katikati), gramu 800 za sukari, gramu 300 za mapera na malimau mawili makubwa. Usizidishe. Ukipika kilo nne kwa pamoja, maji yanachelewa kukauka, na moto wa muda mrefu unaivunjavunja pektini uliyoihangaikia. Tumia sufuria pana ya stenlesi, na mchanganyiko usizidi theluthi moja ya kina chake, kwa sababu jamu inapochemka inapanda kwa kasi kama maziwa. Sufuria za kawaida za alumini hazifai hapa: uchachu unaila alumini na jamu inabaki na ladha ya chuma.

Anza na mapera. Yakatekate pamoja na maganda na mbegu, mimina nusu lita ya maji, chemsha kwa moto mdogo dakika 30, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Unahitaji kikombe kimoja, yaani mililita 250. Ukitaka kujua kama pektini ipo, chukua kijiko kimoja cha chai cha maji hayo yakiwa yamepoa, weka kwenye glasi na vijiko vitatu vya spiriti ile ya kusafishia vidonda, tikisa taratibu na usubiri dakika moja. Likitokea bonge moja la utelezi unaloweza kulinyanyua kwa uma, mambo safi. Yakitokea makombo makombo, rudisha maji jikoni yapungue. Jaribio hilo limwage na glasi uioshe vizuri. Spiriti hiyo hailiwi.

Nanasi likate vipande vidogo sana, au lipare kwenye kikwaruzo. Lichemshe peke yake na maji ya mapera na ya limau kwa dakika 20 hadi 25, mpaka kipande kiminyike kwa vidole. Sukari isiingie kabla ya hapo. Sukari huvuta maji kutoka kwenye tunda na kulikaza, na nanasi lililokutana nayo likiwa bichi litabaki na nyuzi hata ulipike hadi usiku.

Likishalainika, punguza moto, tia sukari na koroga bila kuacha hadi iyeyuke yote. Kagua mgongo wa mwiko: ukiona chembe zinang'aa, bado. Jamu ikichemka na chembe hizo ndani, wiki chache baadaye utakuta sukari imeganda kama mchanga chini ya chupa. Sukari yetu ya rangi ya kahawia hafifu inafaa tu, ila jamu itakuwa na rangi iliyokolea zaidi.

Sasa ndipo moto mkali unatakiwa. Wa gesi anafungua tu. Wa mkaa afungue mlango wa jiko na kuongeza mkaa uliokwisha kushika, maana moto hafifu hapa ni kupoteza muda na rangi. Tumia mwiko mrefu na vaa mikono mirefu, kwa sababu tone la jamu linanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Mwanzoni povu ni jingi na jepesi. Kadiri maji yanavyoisha, mapovu yanakuwa makubwa na mazito, na sauti inashuka kutoka mchemko hadi kutokota kwa uji. Kuanzia hapo usiondoke jikoni.

Kujua imefika, wengi wanaambiwa nyuzi joto 105 za Selsiasi. Hiyo ni kweli Dar es Salaam na Mombasa, ambako maji yanachemka kwenye 100. Nairobi maji yanachemka karibu na 94 au 95, na Arusha hayapishani sana na hapo. Mpishi wa huko akingoja 105 atatoa peremende. Chemsha maji matupu, soma kipimajoto chako, kisha ongeza nyuzi 5 kasoro kidogo. Huna kipimajoto? Weka visahani viwili kwenye friza kabla ya kuanza. Toa sufuria motoni (wengi husahau hili, jamu ikaendelea kuiva huku wakijaribu), dondosha kijiko kimoja kwenye kisahani, subiri dakika moja na usukume kwa kidole. Ikikunja mikunjo juu, tayari. Ikitiririka kufuata kidole, rudisha kwa dakika mbili, ujaribu tena. Njia ya tatu haisemwi sana ingawa ni ya uhakika: pima sufuria tupu kwenye mizani kabla ya kuanza. Kwa vipimo hivi, ukitoa uzito wa sufuria na jamu ikabaki kilo 1.4 hivi, imefika.

Iache itulie dakika 5 hadi 10 na ukoroge mara moja, la sivyo vipande vyote vitaelea juu ya chupa. Chupa za kioo za zamani zinafaa, mradi vifuniko havina kutu na mpira wa ndani haujachanika. Zichemshe dakika 10. Mnaoishi nyanda za juu ongezeni dakika moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Jaza zikiwa za moto, acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa na ufunge. Kugeuza chupa kichwa chini ni mazoea tu, hakuzibi vizuri. Afadhali uzichemshe zikiwa zimefungwa na kufunikwa na maji: dakika 5 pwani, 10 Arusha na Nairobi, 15 Njombe au Eldoret. Kifuniko kikipoa kinatakiwa kizame kidogo katikati. Kisichozama, chupa hiyo iende kwenye friji na iliwe kwanza.

Jamu ikionekana nyepesi usiku huohuo, iache. Pektini inaweza kuchukua siku moja hadi mbili kushika. Baada ya hapo kama bado inamwagika, irudishe jikoni na maji ya limau moja na robo kikombe cha maji ya mapera, uipike upya hadi ipite jaribio la kisahani. Ikiwa ngumu kama gundi, iliiva kupita kiasi, na hairudi. Iyeyushe na maji moto kidogo uitumie ndani ya keki. Ikitoa jasho juu, uchachu ulizidi, ila inalika. Yenye ukungu tupa chupa nzima, usikwangue juu na kula chini. Na anayetaka kupunguza sukari hadi nusu kwa ajili ya afya, apike tu akijua kwamba jamu hiyo haitaganda sawasawa na makao yake ni friji, wiki mbili tatu, si kabatini.