Mita 60 za Chemchemi na Kazi ya Serikali ya Kijiji

Kila kiangazi kinapokolea na Mto Ruaha Mkuu kukatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, jambo linalojirudia tangu mwaka 1993, mjadala huelekea kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, mifugo iliyoingia kwenye ardhi oevu ya Ihefu na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mjadala huo ni wa haki, lakini huanzia mbali na vyanzo. Mto Ndembera unaanzia Mufindi na kuteremka hadi Madibira. Ruaha Ndogo nao unaanzia huko huko, unapita Iringa mjini, kisha unaingia Ruaha Mkuu kabla ya Mtera. Chemchemi nyingi zinazoilisha mito hii zimo ndani ya ardhi za vijiji, na msimamizi wa ardhi hiyo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo ninaposikia watu wakiuliza wizara inafanya nini, mimi huuliza kwanza mkutano mkuu wa kijiji umeamua nini.

Kisheria mambo yamewekwa vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira, na inashusha kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji na kitongoji. Kijiji pia kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake.

Ugumu unaanzia bondeni, kwenye vinyungu. Kwa msomaji asiyezifahamu nyanda hizi, vinyungu ni bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi, udongo wa juu ukiwa umekauka na ule wa chini ungali na unyevu. Humo hutoka maharage, mboga na mahindi mabichi, na kwa familia nyingi za Iringa na Njombe hiyo ndiyo fedha ya daftari, sare na mbolea ya msimu unaofuata. Mita 60 kila upande wa kijito chembamba humaliza bonde zima, na mwenye kinyungu akiambiwa atoke bila kuonyeshwa pa kwenda, atarudi usiku na jembe lake. Silaumu kurudi kwake. Ninalaumu operesheni za siku moja zinazong'oa mboga za watu na kuondoka, bila hata bikoni moja, yaani nguzo ya mpaka, kusimikwa.

Wakati huohuo, juu kidogo ya vinyungu hivyo husimama mikaratusi, mti unaokunywa maji mengi kuliko zao lolote la bustani, tena mwaka mzima. Wenye mashamba hayo ya miti mara nyingi wanaishi mjini. Nimeona zaidi ya mara moja mgambo akitumwa kwa mwenye kinyungu, ilhali mwenye mikaratusi anaandikiwa barua ya kumwomba afike ofisini. Sheria ikibagua hivyo, kijiji kizima huacha kuiheshimu, na kina sababu.

Kijiji kimoja ninachokifahamu vizuri kilijaribu njia nyingine. Katika mkutano mkuu, mama mmoja mtu mzima alisimama akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nitatoka, lakini na miti ya mkwe wako itoke." Ukumbi ulichangamka, lakini hoja hiyo ndiyo iliyojenga makubaliano. Walikubaliana kupima kutoka kwenye jicho la chemchemi, kupanda mivengi, miti ya asili ya mabondeni, ndani ya eneo hilo, kuwapa wenye vinyungu vipande vya ardhi ya kijiji nje ya mpaka, na kuwataka wenye mikaratusi wavune bila kuacha visiki vichipue tena. Kipengele hicho cha visiki ni muhimu kuliko kinavyoonekana, kwa sababu mkaratusi uliokatwa huchipua, na baada ya miaka michache chanzo kinakuwa na miti mingi kuliko mwanzo.

Kilichofuata kinanisikitisha hadi leo. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka ipitie kwenye kata na kuidhinishwa na baraza la madiwani la wilaya, na muhtasari wa mkutano ule ulikaa wilayani muda mrefu bila majibu. Mtu wa kwanza kutozwa faini alikataa kulipa, akasema hakuna sheria aliyoivunja. Alikuwa sahihi. Wajumbe wa kamati waliokuwa wakizunguka bondeni kila wiki, bila posho, walianza kupungua.

Wakati karatasi kama hizo zinasubiri, halmashauri hupimwa kwa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Sipingi upandaji, lakini miche inayohesabiwa siku ya kugawiwa haitufai kitu kama haihesabiwi tena baada ya kiangazi kupita, na miche ya misindano iliyopandwa kilimani haiwezi kuchukua nafasi ya miti ya asili iliyokatwa kwenye chanzo. Tena halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mbao na mkaa, hivyo zinapata fedha kutokana na kuvunwa kwa miti na papo hapo zinatarajiwa kuilinda. Mgongano huo unapaswa kuzungumzwa waziwazi barazani.

Maandalizi ya bajeti yatakapoanza, nitamwomba diwani wetu mambo mahususi: sheria ndogo za vijiji kuhusu vyanzo vya maji ziwe ajenda ya kila kikao cha robo mwaka cha baraza, sehemu ya ushuru wa mazao ya misitu irudi vijijini kwa ajili ya bikoni, vitalu vya miti ya asili na posho ya kamati, na afisa mazingira awe na pikipiki yenye mafuta, apime maji ya kila chemchemi mwezi Oktoba, kisha abandike vipimo kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji.