Bahari Iliyosafirishwa kwa Treni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeandamwa na swali moja. Ndugu mmoja katika imani, mtu ninayempenda na kumheshimu, alinipigia simu kunijulia hali. Kabla hatujaagana akaniuliza, "Lakini dada, mbona mpaka leo hujarudi? Tulikuombea, tukafunga, tukamshukuru Mungu kwa imani. Au kuna jambo hujalitubu?" Nilimjibu kwa upole, tukaagana, lakini maneno yale yamekataa kutoka. Yamelala nami na kuamka nami.

Wengi wenu mnajua habari zangu. Tangu ile ajali siwezi kusimama muda mrefu wala kukaa kwenye benchi mpaka ibada iishe. Mungu aliniokoa nisife, na sina siku ninayoacha kumshukuru kwa hilo. Lakini mgongo haukurudi kuwa kama ulivyokuwa. Wengine wanaongoza sifa mahali nilipokuwa nikiongoza, na Jumapili nyingi mahubiri nayasikiliza nikiwa nimelala.

Nilipokuwa naomba juu ya jambo hili, Roho Mtakatifu alinikumbusha kasa mmoja niliyewahi kumwona Chicago, Marekani, kabla ya ile ajali, nilipokwenda kuwatembelea jamaa.

Chicago ni mji wa bara. Ziwa Michigan liko mlangoni pake, na ukubwa wake ni wa kukufanya usione ng'ambo, lakini maji yake hayana chumvi na wakati wa baridi hushika barafu. Kasa wa baharini hawezi kuishi humo. Bahari yenyewe iko mbali, zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, ukingoni mwa ziwa hilo kuna jumba la viumbe wa majini linaloitwa Shedd Aquarium, na ndani yake nilimkuta kasa wa kijani anayeitwa Nickel.

Nickel aliokolewa mwaka 1998 katika pwani ya Florida, upande wa Ghuba ya Meksiko. Boti ilikuwa imempiga na kulipasua gamba lake sehemu ya nyuma. Walimtibu, kidonda kikapona, lakini mwili haukurudi katika hali yake. Mwaka 2003 akapelekwa Chicago. Huko madaktari walipompiga picha ya eksirei waliona sarafu imekwama kooni mwake, ile ya senti 5 ambayo Wamarekani huiita nickel. Ndiyo maana anaitwa hivyo.

Nilisimama karibu na kioo nikamtazama kwa muda mrefu. Kasa mzima huogelea akiwa amenyooka. Nickel huogelea kichwa kikiwa chini na sehemu ya nyuma ikiwa imeinuka, kama vile kuna kamba inayomvuta mkiani kwenda juu. Pale gamba lilipopasuliwa pameacha bonde, na kovu lake unaliona wazi. Mapezi ya mbele ndiyo yanayofanya kazi yote. Alipita mbele yangu, jicho jeusi lenye kope nzito likanielekea, akapiga mapezi polepole akapanda juu, akatoa kichwa, akavuta pumzi moja, akarudi chini akiwa ameinama vilevile. Mpiga mbizi alipoingia na mboga za majani, Nickel alikwenda kula kwa raha zake.

Swali linalomjia kila anayesimama pale ni lile lile nililoulizwa mimi kwenye simu. Mbona hajarudi? Kidonda si kimepona? Si wamrudishe tu baharini?

Jibu ni kwamba kasa aliyeumia namna ile hawezi kupiga mbizi inavyopasa. Majani ya baharini anayokula kasa wa kijani huota chini. Akishindwa kushuka, atalala njaa juu ya chakula chake. Papa akija, hana pa kukimbilia. Na anayeeleaelea juu ya maji ndiye boti inayofuata itakayempiga tena. Kumrudisha baharini kungekuwa kumuua, hata kama wanaofanya hivyo wangekuwa wanapiga makofi ufukweni. Wale wanaomtunza wanalijua hilo, kwa hiyo hawamsukumi. Hawamwoni kuwa ameshindwa. Wamempa mahali pa kuishi.

Sasa sikieni jambo lililonitoa machozi. Jumba lile lilipokuwa linafunguliwa, mwaka 1930, watu wake walitaka kufuga samaki wa maji ya chumvi katikati ya bara. Wangepata wapi maji? Waliyaleta kwa treni. Mabehewa 20 ya matangi yalijazwa maji ya bahari kule Key West, kusini kabisa mwa Florida, yakasafirishwa mpaka Chicago, yakarudi kujazwa tena, mara nane, mpaka zikapatikana galoni milioni moja, yaani karibu lita milioni 3.8. Bahari ilipakiwa kwenye reli ikasafirishwa kwenda kwa wasioweza kuifuata. Siku hizi majumba ya namna hiyo yaliyo mbali na pwani hutengeneza maji ya bahari papo hapo: huchukua maji ya kawaida, huyatia chumvi na madini kwa kipimo, karibu gramu 35 kwa lita, huyachuja, huyapasha joto, huyapima, kisha huyapima tena. Hiyo ni kazi ya kila siku, na anayenufaika nayo hajui lolote kuihusu.

Hesabuni miaka. Mwaka 1930 mpaka 1998. Karibu miaka 70 kabla Nickel hajapigwa na boti, watu walikuwa wameshaanza kazi ya kuifikisha bahari mahali atakapopelekwa. Mimi naliona humo pendo la Mungu wetu, ambaye huandaa kabla hatujaumia.

Fungueni Ezekieli 11. Sura hii huwa tunaikimbilia kwa ajili ya ule moyo wa nyama, tunaruka aya ya 15 na ya 16. Ezekieli yuko uhamishoni pamoja na watu waliochukuliwa mateka, mbali na Yerusalemu, mbali na hekalu. Waliobaki Yerusalemu wanasemaje juu yao? Wanasema, hao wako mbali na BWANA, nchi hii tumepewa sisi. Yaani kwa sababu wao wako karibu na jengo, wanajiona wako karibu na Mungu, na aliye mbali na jengo basi Mungu amemwacha. BWANA anajibu nini? Anasema, ni kweli nimewapeleka mbali, nimewatawanya katika nchi nyingi, lakini mimi mwenyewe nimekuwa patakatifu kwao kwa muda kidogo huko walikofika.

Mimi mwenyewe nimekuwa patakatifu kwao! Hakuwaambia wajikongoje warudi hekaluni ndipo awasikie. Aliwafuata. Walipokuwa hawawezi kufika patakatifu, patakatifu pakawafikia.

Hapa naomba niseme na kanisa waziwazi, maana naliona kosa hili likiota mizizi katikati yetu, nami sitalinyamazia. Tumekuwa kama wale wenyeji wa Yerusalemu. Mtu akiumia tunamwombea kwa kishindo wiki ya kwanza. Wiki ya pili tunamtembelea na matunda. Mwezi ukipita tunaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mwaka ukipita tunamtafutia dhambi. Ndugu aliyefiwa na mke tunamwambia inatosha sasa, simama, uje uhudumu. Dada aliyetoka kwenye ndoa ya kipigo tunamrudisha jukwaani atoe ushuhuda wakati bado anatetemeka mlango ukigongwa. Mchungaji aliyechoka mpaka amelazwa tunamuuliza semina ijayo ni lini. Tunamsukuma mtu kwenye kina asichoweza kukipigia mbizi, akizama tunasema hakuwa na imani.

Hiyo si imani, wapendwa. Ni haraka yetu sisi. Kilema cha mwenzetu kinatufanya tuhisi maombi yetu yameshindwa, basi tunataka kiondoke mbele ya macho yetu, kwa kupona au kwa kutoonekana. Bwana wetu hayuko hivyo. Imeandikwa juu yake, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Mefiboshethi, mjukuu wa Mfalme Sauli, aliletwa kwenye meza ya Daudi, na Biblia inatuambia alikula mezani pa mfalme siku zote, kisha inamaliza sura kwa kutukumbusha kwamba miguu yake yote miwili ilikuwa na kilema. Alikula miaka yote na kilema chake, na mfalme hakumuuliza atatembea lini. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini utoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Nani kati yetu angethubutu kumpigia simu Paulo kumuuliza ni dhambi gani hajaitubu?

Ninaamini uponyaji. Niliinuliwa kutoka kitanda ambacho madaktari walikuwa wameshakikatia tamaa, nitaacha kuamini vipi? Na ninajua pia wapo waliopona kabisa lakini wamezoea kujificha, na hao Bwana anawaita watoke. Kasa anayepona vizuri hurudishwa baharini, ndilo lengo la wanaowaokoa. Lakini kazi ya kupambanua nani ni nani haifanyiki kwa simu ya dakika tano. Inahitaji mtu wa kusimama kwenye kioo na kutazama.

Niwape ushuhuda wangu. Kuna mama mmoja mzee katika kanisa letu, sitamtaja kwa sababu hatapenda. Yeye huja kwangu katikati ya wiki. Huvua viatu mlangoni, huketi kwenye ncha ya kitanda upande wa miguu, hutoa Biblia yake ambayo jalada limeshikiliwa kwa utepe, na kunisomea alipoishia juma lililopita. Halafu huimba, na sauti yake imekwaruza kwa umri. Hajawahi hata mara moja kuniuliza nitarudi lini. Miezi ile ya mwanzo, wakati sikuweza kuomba hata sentensi moja ikakamilika, yeye aliomba na mimi nikaitika amina tu. Siku moja alipokuwa anasoma Zaburi 139, "Ningezitwaa mbawa za asubuhi, na kukaa pande za mwisho wa bahari, huko nako mkono wako utaniongoza," uwepo wa Mungu ulishuka chumbani kiasi kwamba sote wawili tulinyamaza muda mrefu, kitabu kikiwa wazi mapajani mwake. Nimeongoza sifa kwenye makongamano, mbele ya maelfu. Sikuwahi kukutana na Bwana pale kama nilivyokutana naye kitandani siku ile.

Ninyi mlio mbali wiki hii, mlio wodini, mlio kazini nchi za watu ambako hamna kanisa la lugha yenu, mnaouguza wazazi na hamwezi kutoka hata saa moja: hamjatupwa. Msikubali kuambiwa mko mbali na BWANA. Kuililia bahari si dhambi. Wana wa Israeli walikaa kando ya mito ya Babeli wakalia walipoikumbuka Sayuni, na kilio chao kimo ndani ya Zaburi zetu. Tangi si bahari, na mimi sitawadanganya kuwa kitanda changu ni sawa na nyumba ya Bwana pamoja na watakatifu. BWANA alisema "kwa muda kidogo," na iko siku ya ufufuo ambapo kila gamba lililopasuka litakuwa zima. Mpaka siku hiyo, yeye mwenyewe ni patakatifu penu hapo mlipo. Mwambieni hivyo kwa sauti, hata kama sauti haitoki.

Na ninyi mnaoweza kutembea, nina ombi. Wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, wiki hii chukueni daftari la washirika, mtazame majina ya wale ambao hawajaonekana muda mrefu. Msianze kwa kuwapigia na kuuliza kwa nini. Nendeni. Pelekeni Neno, pelekeni wimbo, pelekeni Meza ya Bwana ikiwa kanisa lenu linaruhusu, mkae nao bila kuangalia saa. Kisha kabla hamjaondoka, waulizeni siku gani inawafaa mrudi tena, muiandike.