Siku moja na daftari la doria, Amu (Lamu)

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeswali, nimejaza maji chupani. Natafiti doria za polisi: zinapunguza uhalifu kweli, na zinamlinda vipi askari mwenyewe? Mtaani wengine wananiita jasusi. Nimezoea.

Saa moja. Mahamri na mbaazi Langoni, halafu boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara. Askari anayesindikiza mabasi ya njia ya Garsen amekubali tuongee, mradi nisimtaje. Namuuliza anachokiogopa zaidi barabarani. Anagonga saa yake ya mkononi. "Hii, bwana. Msafara ukipita wakati uleule kila siku, mtega bomu hana haja ya kubahatisha."

Saa nne nimesharudi kisiwani, naandamana na doria ya miguu. Magari hayaingii vichochoroni humu. "Simila! Simila!" Punda watatu wa mchanga wanashuka, na askari wawili wanajibana ukutani, bunduki zimeinuliwa wima zisigonge mawe. Kwa muda huo, mwenye amri ni punda.

Saa sita na nusu, kwa mama muuza viazi karai. Yeye anataka kinyume cha yule wa Mokowe. "Mwanangu, binti yangu anatoka madrasa magharibi. Wakipita ovyo ovyo, nitawategemeaje?" Sina jibu. Nanunua viazi.

Saa tisa, ofisini. Umeme umekatika, kwa hiyo nasoma dirishani. Jaribio la polisi wa Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973: maeneo 15 yaligawanywa mafungu matatu: moja bila doria ya kawaida, moja doria iliyoongezwa maradufu au zaidi, moja kama zamani. Uhalifu haukuonyesha tofauti ya maana, na wakazi hawakuhisi mabadiliko. Kisha mtafiti Koper, 1995, kwa takwimu za Minneapolis, hukohuko Marekani: askari akisimama penye vurugu dakika 10 hadi 15 hivi, utulivu hudumu zaidi baada ya kuondoka, akizidisha hapo, faida inapungua. Hilo lingemfaa askari wa Mokowe: fika, simama kidogo, ondoka, rudi wasipokutarajia. Ila wale walikuwa na magari. Hapa, kutoka kona hadi kona, unamsubiri punda.

Ninachohitaji ni saa za wizi, na OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, hainisaidii sana. Saa ya kuripoti imeandikwa vizuri. Saa ya kuibiwa, mtu amelala, ameamka, simu haipo. "Usiku." Usiku upi?

Saa mbili usiku, Mkunguni, chini ya ngome. Kahawa chungu, wazee wako kwenye bao. Nasubiri doria ipite niandike muda. Askari wanatokea upande wa sokoni. Kabla sijafungua daftari, mzee mmoja anasema, kete bado mkononi, macho hayajatoka ubaoni: "Saa mbili na dakika ishirini. Leo wamechelewa."