Waliokuwa Wakiziba Mashimo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Luka 13:1–5, pamoja na mstari mmoja wa Isaya 58 nitakaoufikia.

Mnaikumbuka Jumanne ya Juma Kuu mwaka 2024, tarehe 26 Machi? Hapa Tanga ilikuwa kama saa mbili na nusu asubuhi, sisi tunasubiri chai ichemke, majirani zetu Waislamu wamo kwenye mfungo wa Ramadhani. Kule Baltimore, Marekani, ilikuwa bado saa saba na nusu usiku. Meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa mita 300 hivi, ilikuwa imetoka bandarini kuelekea Sri Lanka. Umeme ukazimika melini, ukarudi, ukazimika tena. Rubani akaagiza nanga ishushwe, akatoa taarifa ya hatari, lakini chombo cha uzito ule hakisimami kama bodaboda. Kikaigonga nguzo ya Daraja la Francis Scott Key, na daraja lililofunguliwa mwaka 1977 likalala majini ndani ya sekunde chache.

Kabla ya jioni video ilishafika kwenye simu zetu, na chini yake mtu ameandika: "Hiyo ni hasira ya Mungu juu ya Marekani." Nakiri mbele yenu kwamba na mimi niliisambaza. Sikujiuliza hata mara moja ni akina nani waliokuwa juu ya lile daraja.

Basi tumsikilize Bwana. Watu wamemletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye anawaongezea ya pili, ambayo hawakuiuliza: "Au wale kumi na wanane, walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ukawaua, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu?" Kisha anajijibu mwenyewe: Sivyo. Wala haelezi mnara ulianguka kwa nini. Kwa daraja la Baltimore wachunguzi walieleza mwaka 2025 kwamba chanzo cha umeme kukatika kilikuwa waya mmoja ambao haukuingia sawasawa mahali pake. Kilichouzuia ni kibandiko cha kuutambulisha. Kibandiko tu, wapendwa! Fundi umeme yeyote wa Ngamiani atakwambia kwamba waya uliolegea hauulizi dhambi za mwenye nyumba.

Ila mimi wiki nzima nimekwama kwa wale watu wenyewe. Taarifa ya rubani ilipofika nchi kavu, polisi walikuwa na kama dakika moja na nusu. Wakazuia magari pande zote mbili, na wengi waliokuwa njiani usiku ule wako hai leo kwa sababu hiyo. Atukuzwe Mungu. Juu ya daraja, hata hivyo, walikuwapo watu 8 wa kazi za barabara. Walikuwa wakiziba mashimo usiku ili watu wakiamka wapite pazuri. Wale waliokufa walikuwa wageni katika nchi ile, wametoka Meksiko, Guatemala, Honduras na El Salvador kutafuta riziki. Dakika ile walikuwa mapumzikoni, wameketi ndani ya magari yao. Kwenye redio ya polisi askari mmoja anasikika akisema mwenzake akifika wa kushika zamu ya kuzuia magari, yeye atapanda kuwatoa wale mafundi. Daraja halikumsubiri. Wawili walipona, 6 wakafa, na mwili wa mwisho ukapatikana Mei 7, wiki sita baadaye.

Askari yule simlaumu. Katika dakika moja na nusu, nadhani hata mimi ningeanza na magari.

Mjomba wangu alikuwa kibarua wa barabara, njia ya Segera kuja Tanga, enzi za kuchemshia lami kwenye pipa. Husema miaka yote ile alisikia honi nyingi na "pole na kazi" chache. Na sisi Waswahili tuna methali ya kumwonya mtu asiyeziba ufa, ila jina la mzibaji hatuulizi. Nabii Isaya ndiye anayempa jina, katika 58:12: "nawe utaitwa, Mwenye kutengeneza mahali palipobomoka." Nimesikia mstari huo ukihubiriwa juu ya ndoa, juu ya taifa, juu ya paa la kanisa. Sijausikia ukisemwa juu ya mtu aliyevaa reflekta, ameshika sepetu.

Tazameni sala zetu. Jumapili tunawaombea wasafiri wa mabasi, tunawaombea wanaovuka Pangani kwa pantoni kwenda Bweni. Ujenzi wa daraja la mita 525 ulipoanza pale Pangani, tuliuombea mradi. Mtu anayening'inia juu ya maji ya mto akifunga nondo, huyo nani amemtaja? Na mabaharia? Wale wa Dali, wengi wao Wahindi, walikaa kwa wiki nyingi ndani ya meli ile ile iliyoua, vyuma vya daraja vikiwa vimeegemea omo yake. Meli kubwa siku hizi zinafunga gatini kwetu, tangu kina kilipochimbwa hadi mita 13. Zamani zilitia nanga nje na mizigo ikaletwa kwa matishari. Sasa watu wake wako hapa karibu kabisa, na bado hatujawahi kuwaombea hata kwa sentensi moja.

"Msipotubu," Bwana aliwaambia waliomletea habari. Aliwaambia wao, waliosimama salama wakisimulia. Video ile nimeifuta, nikawaandikia wale niliowatumia.

Alhamisi tukutane saa kumi na moja jioni, palepale Chumbageni. Kila mmoja aje na jina la mtu mmoja anayefanya kazi usiku, tumwombee kwa jina: mlinzi, muuguzi, baharia, kibarua. Mjomba ameahidi kuja, na nimemwomba atusomee Isaya yeye mwenyewe. Miwani yake imevunjika mkono mmoja, kwa hiyo mwenye Biblia ya maandishi makubwa asiisahau nyumbani.